Hezekia Katika Hitima ya Bibi

Harufu ya kitabu kilichoingia unyevu bado hunitia baridi. Wiki jana nilifungua sanduku la marehemu bibi, ikanipiga harufu ile, karatasi na udi pamoja, na kabla sijaona kitu nilijua ni nani aliyemo. Usinicheke, msomaji wangu. Nina watoto wawili, lakini moyo ulinienda mbio.

Alikuwa mbunge wa Marekani, wa zamani sana, jina lake Hezekia. Mwalimu Njeri, aliyetoka bara kuja kutufundisha kisiwani kwetu Amu, alitugawia vitabu vya msaada, na mimi nisiyejua kugombania nikabaki na maisha ya Hezekia. Nilikuwa darasa la saba. Nilimsoma kwa kamusi: alivyosomea sheria, alivyochaguliwa mara nne, alivyonguruma bungeni hadi wenzake wakanyamaza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake, ndevu hadi kifuani, na macho yasiyokuachia. Hata nikikilaza kitabu kifudifudi nilihisi ananitazama. Nilimwota ananiomba kitu, nami simwelewi.

Nikajipa jibu la kitoto: maskini, hana wa kumwombea.

Kwetu mtaa wa Mkomani, kila Shaabani bibi alifanya hitima ya maiti wake. Wanaume walisoma baada ya alasiri, kisha mwalimu wa chuo cha Kurani akataja majina ya marehemu kutoka kwenye karatasi. Bibi aliingoja siku hiyo mwaka mzima; aliogopa kufa kuliko watu wengi, kwa sababu hakujua nani angewakumbuka wake baada yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo karatasi niliiandika mimi. Alinitajia mama yake, kisha bibi yake, Zafarani, kisha akasita, kama kila mwaka.

"Na mamake Zafarani. Andika ivyo ivyo."

Chini kabisa nikaongeza, kwa herufi ndogo: Hezekia wa Marekani.

Mwalimu wa chuoni alilisoma bila kusita. Pengine alidhani ni jamaa aliyekuwa baharia. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Niliona tasbihi ya bibi imesimama mkononi.

Wageni walipoondoka akaniita. Nilitarajia kofi.

"Hezekia ni wa nani?"

Nikamweleza yote. Akataka nimsomee. Nikasoma nikitafsiri, hadi karibu na mwisho, mahali nilipokuwa nimepapita upesi kwa kuwa hapakuwa na habari za bunge. Ulikuwa wosia wake. Mashamba ya pamba, farasi na watumwa, vyote akawagawia wanawe.

"Maina yao?" bibi akauliza.

"Majina ya watumwa hayakuandikwa, bibi."

"Tafuta."

Nikatafuta ukurasa ule na uliofuata. Jina la farasi lilikuwapo.

Bibi alilia bila sauti, yeye ambaye hata msibani sikuwahi kumwona akilia. Nikadhani nimemuudhi kwa kuleta kafiri katika hitima yake, nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

"Mfute huyo," akasema. "Kisha waandike hao alowagawa."

"Bibi, hawana majina."

"Waandike ivyo ivyo."

Bibi alikuwa ameshazikwa miaka mingi shangazi aliponieleza. Mamake Zafarani, ambaye jina lake hakuna aliyelijua, alikuwa mtumwa aliyegawiwa warithi wa nyumba moja palepale Mkomani, na jina la mwenye nyumba bado limechongwa juu ya mlango. Tulipita mlango ule kila tukienda sokoni. Bibi daima aliangalia upande wa pili, nami nilidhani ni yale macho yake.

Karatasi ya hitima nimeikuta ndani ya kitabu, Hezekia kapigwa mstari. Nimetazama picha yake kwa muda mrefu, na sikuogopa. Ni mzee mwenye ndevu tu. Lakini tangu siku hiyo ninamwota mwanamke aliyenipa mgongo, anatembea mbele yangu katika kichochoro cha kwetu. Nataka ageuke, nimwone uso. Nafungua kinywa, na sina jina la kumwita.