Vitanda vya Letisia

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, Letisia alimnyang'anya mumewe kikombe cha uji.

"Baba Edina, haraka ya wapi? Mikorosho haikimbii. Huo haujaiva."

Akaurudisha chunguni, akakoroga, akammiminia upya. Kisha akajifunga kitenge, akashika njia ya karakana, pale pale Nachingwea mjini. Eustakio akabaki na uji wake. Ulikuwa umeiva kweli.

Ndiye Letisia huyo. Kibichi hakikupita mbele yake.

Zamani alichoma mikate ya kuuza. Harithi, mwenye karakana, alipoleta oveni ya kuchomea vyuma rangi ya unga, alitaka mtu asiyeogopa moto. Watu wakamwonyesha mama wa mikate. Unga hupulizwa kwenye chuma, chuma kikaingia ndani, unga ukayeyuka, ukakamata. Ukikitoa mapema kinang'aa vilevile, ila rangi haidumu. "Mke wangu anapika chuma," Eustakio aliwaambia wenzake kwenye kahawa, hata wasiomuuliza.

Siku moja walikuwa wanapika vitanda vya wagonjwa, vya kwenda hospitali ya Ruangwa. Umeme ukakatika katikati. Lori lilishafika. Eustakio alikuwapo, kampelekea mkewe muhogo. Vitanda vilipopoa, Harithi akavitazama.

"Vinang'aa, Mama Edina. Tupakie."

Letisia akachovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akasugua mguu wa kitanda. Kitambaa kikatoka na buluu.

"Umeona? Hata andazi hupata rangi nje, ndani bichi. Umeme ukirudi, vinarudi ndani."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Ukizuia gari, kesho usije kazini."

Mwaka ule korosho zilikataa. Nyumba nzima ilikula kwa kazi ile. Eustakio akanyoosha mkono amvute mkewe pembeni. Hakuwahi. Letisia alishapanda kitanda cha kwanza, kakaa, kitenge kakibana magotini.

"Haya. Pakieni na mimi."

Dereva alikuwa Seleman, mtani wake. Alicheka mpaka akashikilia bodi la lori. "Loo! Nikifika Ruangwa wataniuliza, mgonjwa gani huyu kaja na kitanda chake?"

"Mgonjwa ni wewe, mtani, na hilo tumbo. Kaa chini usubiri."

Seleman akakaa. Harithi hakucheka. Umeme ulirudi jua likizama, vitanda vikarudi ndani. Kesho yake Letisia akaamka, akaenda kazini kama aliyeitwa. Harithi alimfungulia geti.

Ikapita miaka. Halafu ndiyo ikaja siku ile ya uji. Mchana Letisia alianguka karakanani. Wakamkimbiza hospitali, wakaelekezwa ile ya Ruangwa, akalazwa, hasemi, macho kayafumba. Eustakio akakaa kwenye benchi, akamshika mkono.

Asubuhi mkono ule ukamtoka. Letisia alikuwa anapapasa ubavu wa kitanda. Chuma cha buluu. Wangapi walishakilalia, na kila siku kinasuguliwa kwa dawa. Akakwaruza kwa ukucha. Akakwaruza tena, kwa nguvu aliyobaki nayo. Hakikutoka hata chembe.

Eustakio akainamisha sikio, akidhani anataka maji.

"Baba Edina," alisema, "hiki kimeiva."