Rangi Nyekundu Kwenye Pori la Baba Kyungu

Mti usiouzwa unapimwa uzito wa nini? Mama aliniuliza hivyo kwetu Makomeno, Lubumbashi, nikifunga mkoba. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo, sina kazi, na kila siku redio ilikuwa ikitangaza kiasi cha kaboni kilichomo katika misitu yetu. Nilitaka kuona namba hizo zinatoka wapi, nikajiunga na kikundi cha chuo kilichokwenda kupima miti.

Saa kumi na mbili asubuhi tulishika barabara ya Kasumbalesa. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na baiskeli zilizobeba magunia ya makala, yaani mkaa, zilikuwa zikija upande wetu, zinaingia mjini. Kiongozi wetu, asistenti wa chuo aliyetaka tumwite Shefu, alizitazama akasikitika. "Hawa ndio wanaomaliza msitu," alisema. Jioni ile ile alikula bukari, ugali wetu, iliyopikwa kwa makala, akaomba kuongezewa.

Mwenyeji wetu kijijini alikuwa Baba Kyungu, mchoma makala, na mkewe Mama Feza. Shefu aliwaambia tumekuja kupima hewa iliyo ndani ya miti.

Mama Feza alicheka. "Hewa? Na mutaibeba mu nini, mu magunia?"

Siku ya pili tulizungusha kamba porini, tukapata duara letu. Kila mti ulipimwa unene usawa wa kifua, na pale utepe ulipopita tukachora mstari mwekundu, ili watakaokuja baadaye wapime papo hapo. Unene tulipima vizuri. Lakini urefu! Kifaa cha urefu kilihitaji mtu arudi nyuma mpaka aone kilele, na nyuma kulikuwa na miiba. Shefu hakutaka kuchafua viatu vyake vipya. "Muputu huu? Andika mita kumi na mbili." Na mti wa mubanga ule, niliuliza? "Kumi na mbili pia." Niliandika. Usiku kompyuta ilizidisha makisio ya Shefu na kutoa uzito wa kaboni wenye tarakimu nne baada ya nukta. Sijawahi kuona uvivu uliovaa vizuri namna ile.

Siku ya tatu, asubuhi, Baba Kyungu alitukuta kwenye duara. Alizunguka mti mmoja, akagusa rangi.

"Dada, nani alinunua miti yangu?"

"Hakuna muntu alinunua, Baba. Tunapima tu."

"Huku muntu akinunua miti, anaipaka rangi. Chifu alinipa hii pori, nikate hii kiangazi. Sina ingine. Tanuru nilishachimba, iko pale."

"Kata tu, mzee," Shefu alisema bila kuinua kichwa.

"Basi uniandikie karatasi. Batu bakinikamata na miti ya rangi, nitasema nini? Kama ni ya kupima hewa?"

"Karatasi si kazi yangu."

Baba Kyungu alinigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika kalamu mkononi na daftari wazi magotini. Niliandika unene wa mti uliofuata.

Siku ya nne tulirudi Lubumbashi. Njia nzima Shefu alieleza jinsi wanakijiji wasivyoelewa sayansi. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kupima msitu mzima na asijue ni wa nani, na kwamba dharau niliyombebea yeye ilinistahili mimi pia.

Miaka miwili baadaye nilikutana na Mama Feza sokoni, anauza uyoga, peke yake. Alinieleza bila hasira. Baba Kyungu aliogopa rangi yetu, akaenda kukata kwenye chemchemi ya kijiji, ambako hakuna anayeruhusiwa kukata. Chifu alimfukuza. Na katika duara letu, watu wa chuo walipokuja kupima mara ya pili, hawakukosa hata mti mmoja. Waliandika kwamba wanakijiji wanaulinda msitu wao.