Skrini ya Kushoto

Machimbo mazima yalimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, hata msimamizi, ambaye hakuwa na mazoea ya kumwita mtu yeyote kwa heshima. Jina lilianza kwa mtu mmoja aliyekuwa na haki nalo: Nyundo, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Nyundo alipoajiriwa pale kuvunja mawe, kutwa alikuwa akiita "Shangazi! Shangazi!" kwenye redio ya mkononi, na watu nao ni kasuku, wakaiga.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kutazama. Usicheke. Wapo wanaodhani kukaa kitini na kutazama skrini tatu si kazi, na hao laiti wangekaa pale siku moja tu, katika kile kijumba cha mabati juu ya nguzo, joto linashuka toka juu na vumbi linapanda toka chini, na roho ya mtu iko kwenye kidole chako. Skrini ya kulia ilionyesha malori yakipakia. Ya katikati ilionyesha mkanda unaobeba kokoto. Ya kushoto, jamani, hiyo ya kushoto ndiyo iliyomweka mjini: ilionyesha mdomo wa mashine ya kusaga mawe, na mataya yake mawili ya chuma yanayotafuna mchana kutwa bila kushiba.

Jiwe kubwa likikwama humo, lazima mtu aingie alivunje, na mtu huyo alikuwa Nyundo. Utaratibu waliujua kama wanavyojua njia ya nyumbani. Nyundo anasimama kwenye jukwaa mbele ya kamera, anainua mkono. Shangazi anabonyeza kitufe chekundu, mataya yanasimama. Shangazi anasema redioni, "Ingia, baba." Nyundo anatundika redio yake kwenye kizuizi, kwa sababu iliyotangulia ilimponyoka humo ndani ikageuka unga, halafu anashuka. Akimaliza anapanda, anasimama palepale, anainua tena mkono. Mpaka Shangazi aone mkono ule kwa macho yake, kitufe cha kijani hakiguswi. Akikosea, hakuna wa kuomba msamaha kwake, maana atakuwa kokoto.

Sasa skrini ya kushoto ikaanza kuzima.

Mara ya kwanza Shangazi alipiga kelele. Giza tupu, kama mtu kafunika kwa kitambaa cheusi. Akasimamisha mashine, akampigia simu fundi wa kompyuta, na fundi akamwambia jambo la kawaida kabisa: "Huo ni waya umelegea. Inama chini ya meza, utikise, uukaze, kisha nyanyuka taratibu usije ukagonga kichwa." Shangazi akainama, akatikisa, akakaza, akajizoazoa na magoti yake yanayolia, na alipotazama picha ilikuwa imerudi, safi. Basi ikawa ndiyo dawa. Ikizima, anainama, anatikisa, anakaza, inarudi. Dawa ikikuponya kila siku, utaishuku vipi?

Msimamizi hakufurahi. Kila skrini ikizima mashine inasimama, na mashine ikisimama madereva wa malori wanapiga honi na kutukana mama za watu. "Shangazi, wewe na hiyo skrini yako mtanitia wazimu," alisema. "Mbona mwenzako wa zamu ya pili haimzimii?"

"Labda yeye halali na mlango wazi kama wewe, mdudu akaingia kichwani," Shangazi alimjibu, na waliokuwa karibu wakacheka, maana alikuwa na ulimi yule mama. Lakini swali lilimkaa kifuani. Kweli, mbona mwenzake haimzimii?

Kisha ikaja ile siku ambayo mpaka leo wakiisimulia wanashusha sauti. Nyundo alipanda, akainua mkono, Shangazi akauona, akabonyeza kijani. Papo hapo Nyundo akakumbuka nyundo yake kubwa ameiacha ndani, akageuka kuichukua kabla mataya hayajashika kasi, kosa la kijinga, naye alilikiri. Shangazi hakumwona akigeuka. Skrini ilikuwa imezima. Aliyemwokoa ni mpakiaji mmoja aliyepiga mayowe mpaka sauti ikakauka, na Nyundo akaruka na kutoka na buti moja. La pili lilikwenda na maji, au niseme lilikwenda na mawe.

Jioni ile Nyundo alicheka mbele ya shangazi yake, akasema buti lenyewe lilikuwa linambana. Shangazi hakucheka. Alikwenda kuoga, akalia bafuni na bomba limefunguliwa ili mumewe asisikie. Alipotoka akajigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, kwa mara nyingine tena, na mumewe akamtania: "Mke wangu, mlango huu tumeishi nao miaka yote, leo umekukosea nini?" Shangazi akasema ni uchovu. Muuguzi wa zahanati alishamwambia ana presha, akampa vidonge, lakini vidonge vile alivimeza siku kichwa kinapouma tu, kama wengi wetu tunavyofanya, tusijidanganye.

Kesho yake akamkalia msimamizi kooni mpaka fundi akaitwa.

Fundi alikuja na pikipiki yake na begi lenye kila aina ya waya, mtu wa tumbo na maneno. Akaiwasha skrini, akaizima, akaitikisa. Skrini ikamtazama bila aibu. "Shangazi, hii inanifanyia kama mgonjwa anayepona akifika mlangoni kwa daktari," akasema. Lakini alijua kazi. Mafundi wana kanuni yao: usibahatishe, hamisha kitu kimoja kimoja uone kama ugonjwa unahama nacho. Akabadilisha waya. Baada ya siku mbili Shangazi akapiga simu: imezima. Akaja akabadilishana skrini, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia akaileta kushoto. Shangazi akapiga simu: ya kushoto imezima.

"Ipi ya kushoto? Ile ya zamani au hii mpya?"

"Hii uliyoileta kushoto."

"Basi skrini hazina kosa," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha.

Akabadilisha tundu nyuma ya kompyuta. Bado. Akahamisha picha, mdomo wa mashine akauweka kulia na malori kushoto, na sasa Shangazi akasema malori ndiyo yanayozima. Mpangilio huo haukudumu, kwa sababu jicho lake lilizoea kutafuta mkono wa Nyundo kushoto, na mara moja nusura abonyeze kijani kwa kuona mkono wa dereva wa lori. Akaomba mwenyewe kila kitu kirudishwe mahali pake. Ndipo fundi akaleta kompyuta nyingine kabisa, yake mwenyewe, toka dukani kwake.

"Nimebadilisha kila kitu isipokuwa meza na kiti," alisema. "Leo siondoki. Nitakaa hapa nyuma yako mpaka niione kwa macho yangu."

Akageuza ndoo, akakaa. Wakaongea ya dunia: bei za vitu, watoto wasiosikia, mke wa fundi anayetaka kabati jipya. Chini mataya yalitafuna, kijumba kikitetemeka kidogo kama kawaida yake. Shangazi alisikia kichwa kizito toka asubuhi, hakusema.

"Hiyo!" akapiga kelele. "Umeona? Hiyo, imezima!"

Akawa anainama kwenda chini ya meza. Fundi akamshika bega. "Ngoja, Shangazi. Usiguse waya."

"Si nyeusi tii hiyo? Huioni?"

Fundi aliitazama skrini ya kushoto. Mawe yalikuwa yakianguka mdomoni, vumbi likipanda, picha angavu kuliko siku zote. Akalitafuta hilo giza, hakuliona.

"Shangazi," akasema polepole, "mimi naona mawe."

Hakuna aliyewahi kumzuia asiiname. Tangu giza la kwanza alikuwa chini ya meza, uso sakafuni, akitikisa waya mzima, na lilipopita alikuwa bado huko. Leo ndiyo kwanza alikaa nalo. Akageuza shingo taratibu kwenda dirishani, na giza likaenda naye, likala nusu ya dirisha. Akamgeukia fundi, likala nusu ya uso wa fundi. Fundi akainua mkono wake upande ule wa kushoto, akaupunga.

"Umeinua mkono?" Shangazi akauliza.

"Nimeinua."

Giza lilipita kama lilivyokuja, pole pole, toka pembeni, na mkono wa fundi ukajitokeza hewani. Hofu iliyomshika Shangazi haikuwa ya kichwa chake hata kidogo. Aliwaza mara zote alizomwambia mtoto yule "Ingia, baba".

Hata hivyo, binadamu ni binadamu. Akamshika fundi mkono. "Usimwambie msimamizi. Wataniondoa leo leo. Nipe leo tu nimalize zamu, kesho nakwenda hospitali mwenyewe kwa miguu yangu."

"Mficha maradhi, Shangazi..."

"Najua kinachofuata, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewafundisha watoto nyumbani. Nakuomba leo tu."

Fundi alikuwa na moyo laini, na moyo laini siku nyingine ni balaa. Akasema haya, akakusanya waya zake, akashuka kuzifunga kwenye pikipiki. Alikusudia kupanda tena baada ya kuvuta sigara.

Hajaiwasha hiyo sigara, jiwe likakwama.

Nyundo akasimama jukwaani, akainua mkono. Shangazi aliuona wote, vidole vyote. Akabonyeza nyekundu. Alitaka kusema usiingie, kweli alitaka, lakini ulimi ukaenda njia uliyozoea: "Ingia, baba." Nyundo akatundika redio, akashuka na nyundo begani.

Ndipo kitu kikampiga. Safari hii hakikuja toka pembeni kwa adabu. Kichwa kilipasuka kwa ndani, upande wa kulia, na upande wa kushoto wa dunia ukaondoka wote, skrini, ukuta, mlango. Akasubiri giza lipite. Halikupita.

"Vipi huko juu?" Ilikuwa sauti ya msimamizi redioni, toka kwenye malori. "Nimemwona kijana ameshuka ngazi, yuko nje. Washa, Shangazi, malori yamepanga foleni!"

Nani alishuka ngazi? Kofia zote pale ni za njano, na kila mtu ni mweupe kwa vumbi. Shangazi akageuza kichwa kutafuta skrini ya kushoto, na alichokipata kilikuwa ukingo wake wa kulia tu, kipande cha jukwaa tupu. Hakuna mkono. Labda ametoka kweli. Labda mkono umeinuliwa palepale gizani na unamsubiri. Kidole chake kilikuwa juu ya kijani, hakujua kilifikaje.

"Shangazi! Washa!"

"Siwashi."

"Hiyo skrini yako tena? Leo umeletewa kompyuta mpya, unataka na nini tena?"

Redio ile ilisikika kwa wote, wapakiaji, madereva, fundi wa mitambo, mpishi wa kantini. Shangazi akaibana mdomoni kwa mkono wa kulia. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu anayetoka kung'olewa jino.

"Skrini haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa. Mimi ndiye sioni. Msiguse mashine. Mtoto wangu yumo ndani. Mtoeni."

Watu wakakimbilia mashine. Nyundo alikuwamo, ndiyo, chini kabisa kati ya mataya, anapiga jiwe, hana habari, mpaka alipoona vichwa vinne vimeinama juu yake vinamwita vyote kwa pamoja. Aliyeshuka ngazi alikuwa mtia grisi. Msimamizi aliposikia hivyo aliketi juu ya kokoto palepale kwenye jua, redio mkononi.

Fundi ndiye aliyefika juu wa kwanza. Alimkuta Shangazi ameegemea upande mmoja, mdomo umevutwa, kidole cha kulia kimekandamiza kile kitufe chekundu mpaka ukucha umekuwa mweupe. "Gari linakuja," alimwambia. "Tunakwenda hospitali sasa hivi. Nisamehe, Shangazi, nisamehe mimi."

"Ametoka?"

"Ametoka. Anapanda huyo."

Nyundo alipanda ngazi ya chuma mbili mbili. Akaingia, akapiga magoti kando ya kiti, upande wa mlango, upande wa kushoto, akaushika mkono wa shangazi yake uliokuwa unaning'inia, akauweka shavuni kwake. Shavu lilikuwa vumbi tupu na machozi.

"Shangazi, nipo. Nipo hapa, mzima. Nimekushika."

Uso wa Shangazi uling'aa aliposikia sauti ile. Akageuza kichwa haraka kwenda kulia, kwenye ukuta mtupu, akawa anamtafuta.

"Uko wapi, baba?" akauliza. "Inua mkono nikuone."