Mimba ya Velika katika Nyumba Isiyo na Mama Mkwe

Siku hizi mimba hutangazwa kwenye simu, na picha ya tumbo juu yake, kabla mwenye mimba hajaanza hata kutapika. Kwetu Mariovo, vijijini kwa wafuga kondoo wa milimani, haikuwa hivyo. Mwanamke hakuitamka mimba yake kwa kinywa chake, hata kwa mumewe. Alinyamaza na kuendelea na kazi mpaka asubuhi moja mama mkwe amtazame usoni, ampokonye ndoo ya maziwa na kumwambia, "Kaa." Basi. Tangu hapo hakuinua kitu kizito, alipewa kipande cha kwanza cha mkate, na kijiji kizima kilijua bila mtu kufungua mdomo. Marehemu mke wangu Roska alikuwa akimwona mwanamke kwa nyuma tu, anavyoinama kisimani, akirudi nyumbani ananiambia nani atazaa wakati wa mavuno.

Sasa nyumba zenye moshi zimebaki chache, na ndani yake wamo wazee wa kiume kama mimi, tunaojipikia maharage na kuyaunguza. Wanawake ama wamekufa ama wameshuka mjini wasirudi. Aliyebaki kwa ukaidi wake ni Velika, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa Naume. Ni mwanamke mnene wa mwili, mwenye mikono iliyobabuka kwa maji ya chumvi ya jibini. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na katika ndoa yake ndefu hakuwa amewahi kushika mimba. Mama mkwe wake, Donka, tulimzika majira ya theluji. Katika nyumba ile akabaki Velika na wanaume wawili: Naume na baba yake, Stoyche.

Kondoo walipozaa na kazi ya kukamua ikaanza, Velika alibadilika. Harufu ya maziwa ya moto, aliyoizoea tangu utotoni, ilimtoa nje mbio akishika mdomo. Mdomoni alihisi ladha ya chuma, kama amelamba ufunguo. Matiti yalimuuma hata nguo ilipoyagusa. Usingizi ulimkamata mchana, ameketi kumkamua kondoo, kichwa kimeegemea manyoya. Siku moja alisahau kutia chumvi katika jibini la wiki nzima.

"Hili ni jibini au sabuni?" Stoyche aliuliza mezani, akilitema.

"Ogea basi, baba," Velika akamjibu. Kisha akaanza kulia, akalia mpaka supu ikapoa.

Mwanzoni mwenyewe alidhani ni ule umri wa wanawake kukatikiwa na damu, umemjia mapema. Alipoanza kuhisi kitu kikichezacheza tumboni, kama samaki mdogo anayegeuka, alisingizia jino bovu, akashuka mjini kwa basi la asubuhi. Yote haya alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa sababu mimi ni mzee na hana mwanamke wa kumsimulia.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akamwambia ni mimba na kwamba inakwenda vizuri.

"Inakwenda vizuri vipi, dada?" Velika alisema. "Nachoka kabla sijaamka. Naenda chooni kama mbuzi mgonjwa. Kifua kinawaka moto nikilala chali. Uso umeniota madoa kama yai la bata mzinga. Na nalia. Jana nimemwona mbwa amelala juani, amelala vizuri, nikalia."

"Yote hayo ni ya kawaida, mama. Mwili unafanya kazi ya watu wawili."

"Na hasira? Mume wangu akitafuna, natamani kumpiga na kijiko."

Muuguzi alicheka. "Hata hiyo. Leo furaha, kesho hofu, kesho kutwa huwataki wote. Haina maana kwamba humpendi mtoto, wala mumeo. Lakini ukiona damu, au uso na mikono vikavimba ghafla na kichwa kikakuuma sana, usingoje basi la kesho. Na ndoo za maziwa, basi. Wabebe wengine. Mumeo anasemaje?"

"Hajui. Kwetu haisemwi. Mama mkwe ndiye anayeona."

"Basi mama mkwe akuone upesi."

"Amekufa," Velika akasema, na machozi yakaanza tena.

Akarudi na kuendelea kubeba ndoo. Msije mkamwona mjinga. Alikuwa amelelewa kuamini kwamba mimba ikitajwa na mwenyewe huharibika, na hii ilikuwa ya kwanza, na ya mwisho pia, kwa umri wake. Akawa anangoja aonwe. Alisimama mbele ya dirisha makusudi, akishika kiuno. Alikula pilipili za siki kutoka kwenye mtungi, mbele ya mumewe, moja baada ya nyingine. Alivua soksi akaviweka wazi vifundo vya miguu vilivyovimba jioni. Mwanamke yeyote wa zamani angeelewa kabla ya pilipili ya pili. Naume alimwambia, "Utaumwa tumbo wewe."

Naume si mtu mbaya. Ila wakati wa malisho hulala mlimani kuwalinda kondoo na mbwamwitu, anashuka mara moja moja akinuka moshi na manyoya. Aliposhuka alimkuta mkewe amehamishia godoro chumba cha nyuma.

"Kwani nimefanya nini?"

"Unanuka."

"Nimenuka miaka yote hii!"

"Sasa naisikia."

Velika hakuweza kueleza zaidi bila kuitamka. Naume akalichukua neno hilo, akampelekea baba yake. Na Stoyche, ambaye mwanawe mkubwa alikimbiwa na mkewe, akampa hekima aliyokuwa nayo: "Mke akianza kusikia harufu ya mumewe, jua keshasikia harufu ya mji. Hata safari ile ya jino, umeliona jino lenyewe?"

Hapo Naume akaamua asiachwe kama kaka yake; ataondoka yeye kwanza. Akaafikiana na mafundi wanaokwenda Slovenia kujenga nyumba, akamwita mnunuzi aje na lori achukue kundi lote. Naye hakumwambia mkewe kitu. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa akinyamaza kwa sababu zake mwenyewe.

Mnunuzi alifika kabla ya chakula cha mchana. Mimi niliitwa kushika lango la zizi. Nusu ya kondoo walikuwa wamekwisha panda Velika alipotokea kutoka chumba cha jibini, mikono inadondosha maji.

"Mnawapeleka wapi?"

"Nimewauza," Naume akasema bila kumtazama. "Naenda Slovenia. Nawe nenda unakotaka kwenda."

"Nakotaka kwenda wapi?"

"Unajua mwenyewe. Kitanda umehama, uso umenuna, kutwa unalia. Mimi si kipofu."

"Si kipofu?" Velika akakaa juu ya jiwe ambapo kondoo hulambia chumvi. "Naume, nina mimba. Ni mwezi wa tano. Mtoto ameshaanza kucheza."

Stoyche alijifanya anakohoa. "Mwanamke! Mambo hayo hayasemwi mbele za watu!"

"Niyaseme mbele ya nani, baba? Nani kabaki? Nimemngoja mama wa kunitazama mpaka mgongo umekatika. Hayupo! Mpo nyie, na nyie hamwoni hata ng'ombe akiwa mezani. Nimechoka. Ikiharibika kwa kusemwa itaharibika, lakini ndoo siwezi tena."

Naume alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kukiomba dukani. Mnunuzi akazima sigara yake kwa kisigino.

"Sasa mabwana," akasema, "nipakie au nishushe?"

"Shusha," Naume akasema. "Shusha wote."

Sitasema kwamba nilifurahi. Nilisikia jambo likitamkwa zizini, mbele ya mfanyabiashara wa kondoo, ambalo mke wangu asingelitamka hata gizani, na nilijua halitarudi tena lilikotoka. Lakini mtoto hakuharibika. Velika aliendelea kuchoka, tumbo lilipokuwa kubwa akachoka zaidi: mgongo, misuli ya miguu kukaza usingizini, pumzi fupi, hofu ya kuzaa. Kitanda alikirudia siku moja, akakihama siku mbili, na Naume hakuuliza tena.

Kazi ya jibini ikawaangukia wanaume. Vuli yote nilisikia upande wa pili wa ukuta wakibishana juu ya chumvi, na sauti ya Velika kutoka kitandani, nzito kwa usingizi: "Koroga taratibu, baba, hupigi mtu hapo! Naume, onja! Onja kwanza!"