Kitabu Alichokikimbia Aimée

Darasa zima la saba lilikuwa na riwaya moja tu, na mwalimu Léontine aliisoma kama mtu anayenadi samaki sokoni Kasongo: kwa sauti, kwa mikono, na kwa macho yaliyomtoka. Kilikuwa kisa cha msichana aliyeingia msituni kumtafuta kaka yake. Léontine alisoma Kifaransa, akageuza Kiswahili papo hapo, na kila penye hatari alitia chumvi. Watoto wa umri huu wanapenda hatari, aliwaambia wenzake. Wape chui na mto uliofurika, watasahau hata njaa. Na kweli, Dominique, mtundu asiyetulia hata kanisani, saa hiyo alitulia tuli.

Ila Aimée. Yeye na bibi yake walikuwa wametoka upande wa mji wa Wamaza kwa miguu, mwaka ule bunduki zilipolia huko. Siku msichana wa kitabuni alipojificha majanini, na waliomfuata wakapita karibu, Léontine alinyata kati ya madawati akinong'ona. Aimée akainuka, akatoka. Hakurudi shule juma lile, wala lililofuata.

Malaria, alidhani Léontine, akaenda kumjulia hali. Alimkuta bibi, mama Euphrasie, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mzee hakuacha mchi.

“Hana ugonjwa, mwalimu. Anasema kule kwenu munamukimbizaka mu pori kila siku. Sisi tulikimbiaka, tukachoka.”

Léontine aliona haya. Tangu utotoni alivipenda visa vile, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa alijua: hakuna mtu aliyewahi kumfukuza. Hatari ilikuwa tamu kwa kuwa ilikuwa ya wengine.

Aimée alikuwa amesimama mlangoni, kandambili mkononi.

“Madame, ule mutoto atarudia kwabo?”

Msimulizi anayeijua kazi yake hasemi mwisho kabla ya wakati. Hata bibi zetu, ukiwauliza mwisho, walikufukuza ukalale. Dominique mwenyewe alishaadhibiwa kufagia darasa zima kwa kuchungulia ukurasa wa mwisho. Léontine akasita, kisha akaona ni upuuzi kulinda kitabu na kupoteza mtoto.

“Atarudia,” akasema. “Yeye na kaka yake. Mama yao atawaona kwa mbali, na ndoo ya maji itamponyoka.”

Aimée akavaa kandambili. Kesho yake alikuwa darasani, dawati la mbele.

Saa ya kusoma ilipofika, Léontine alirudi nyuma ili Aimée awafikie wenzake, ila aliamua kuruka mahali pale pa majani, asimtoneshe mtoto kidonda. Akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akidhani hakuna aliyemwona.

“Madame, usiruke,” Aimée akasema, akiwa ameshika dawati kwa mikono yote miwili. “Wakati yetu sisi, hakuna mutu alituambia kama tutapona. Huyu, mimi najua atapona.”