Lulu Aliyerudishwa Kwao kwa Bima

Jamani, mimi ndiye niliyeandaa msiba wa marehemu nisiyemjua, kwenye nyumba isiyo yangu, Dubai, mchana kweupe.

Naitwa Edna. Mwaka 2016 nilikuwa mfanyakazi wa ndani kule Mirdif. Nyumba yangu ya kwanza nilirudishwa kwa wakala baada ya kuunguza kanzu ya sir kwa pasi. Wakala hakuzunguka mbuyu.

"Edna, ukirudishwa na hii ya pili, khalas, imekwisha. Unapanda ndege, unarudi kwenu Muheza."

Muheza nilikuwa nimeaga kwa mbwembwe zote. Nirudi mikono mitupu? Thubutu!

Nyumba ya pili ilikuwa ya Waingereza. Nilifika wameshaondoka likizo Ugiriki na Lulu wao; wakala akanipa ufunguo na karatasi ya kazi aliyoiacha madam. Walikuwa wamehamia karibuni, vitu vingine bado kwenye maboksi, ukutani hakuna picha hata moja.

Nikafua vijisweta vya Lulu. Nikafua na koti lake la mvua. Mlangoni kulikuwa na kigari chake cha kusukumwa. Nikasema moyoni, kumbe kuna katoto humu, na kanapendwa kweli kweli.

Ijumaa moja asubuhi madam akapiga simu, analia.

"Edna, Lulu ametutoka juzi."

Nikakaa chini palepale jikoni.

Akaniambia Lulu alikatiwa bima ya safari, na watu wa bima ndio wanaomrudisha nyumbani. Angetangulia kufika mchana huo, yeye na sir wangefuata jioni. "Nenda kampokee. Sitaki apokelewe kama mzigo."

Sasa we niambie. Mtanzania gani anatumwa kupokea mwili wa mtoto, akaenda peke yake? Nikaingia kwenye grupu letu la WhatsApp. "Wapendwa, madam wangu amefiwa na mtoto."

Mama yangu! Ijumaa kule ni siku ya mapumziko, watu wakaja kama nyuki. Rama, mchukuzi wa soko la Al Ras, akaazima pikapu ya duka la viungo. Belinda akabeba wenzake wa kwaya. Bi Mwanamkasi wa Unguja, mkubwa wetu sote huku ugenini, akaja na kanga zake na amri zake.

Uwanja wa ndege, upande wa mizigo, tukasaini karatasi bila kuzisoma, tukakabidhiwa sanduku jeupe, dogo, limefungwa kwa lakiri. Bi Mwanamkasi akalipakata njia nzima.

"Masikini, mwepesi huyu," akasema. "Chumvi yenyewe hajaionja."

Vilio vilianzia getini kwa madam. Tukasukuma makochi pembeni, tukakaa chini, Belinda akaanzisha nyimbo.

Jioni madam na sir wakaingia.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Dubai hii, ukiingiza mgeni mmoja tu kwa arbab, bosi wako, bila ruhusa ni kesi. Mimi nimejaza sebule!

Madam akapita katikati yetu. Akafungua mkoba, akatoa picha ya fremu, akaiweka juu ya sanduku, palepale mapajani pa Bi Mwanamkasi.

Mbwa.

Kijibwa cheupe, kimevaa miwani ya jua.

Wimbo ukakatika. Rama akaficha uso kwenye magoti, mabega yanamcheza. Madam akadhani analia.

Nikamtazama Bi Mwanamkasi kwa macho ya kumwomba. Akilitupa lile sanduku, mimi ni Muheza tu. Akanielewa. Akalishikilia vilevile, macho yamemtoka, na machozi yaliyomwagika hapo yalikuwa ya kweli kuliko ya watu wote.

Madam akamkumbatia. "Dada yangu mwenyewe aliniambia ni mbwa tu. Ninyi hata hamkumjua, mmekuja!"

Belinda akaurudisha wimbo.

Bi Mwanamkasi alipopata upenyo akanikokota hadi jikoni. Akachota udongo kwenye chungu cha maua, anajisugua mikono mpaka viwikoni kuitoa najisi.

"Edna we! Umenimaliza! Nimempakata mbwa toka uwanja wa ndege!"

"Nilijua ni mtoto, haki ya Mungu. Nisitiri, bi mkubwa, nitarudishwa!"

"Na mbwa mwenyewe ana bima ya kurudishwa kwao! Sie tukifa huku, twalala mochwari mpaka bakuli la mchango lipite kwenye grupu. Mbwa kaja kwa ndege kama balozi!"

Nikageuka. Sir amesimama mlangoni.

Nikajichekesha. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama anaomba sabuni, sir."

Akafunga mlango nyuma yake, taratibu.

"Sabuni iko chini ya sinki," akasema. Kwa Kiswahili! Tena kilichonyooka. "Mimi nimekulia Mufindi, kwenye mashamba ya chai."

Nikajua amesikia yote.

"Kwa hiyo mlidhani ni mtoto?"

Nikaitikia kwa kichwa. Uongo ulikuwa umeniishia.

Sir akaziba mdomo, akacheka mpaka akaegemea friji. Kisha akashusha sauti.

"Sikilizeni. Yule mbwa aliniuma miaka yote. Tangu juzi mke wangu ameninunia, eti simlilii. Nimejaribu, machozi hayaji. Nawaomba mrudi mkaendelee kulia, ili asinitazame mimi. Na madam asijue kitu."

Bi Mwanamkasi akajifuta mikono kwa kanga. Akampandisha, akamshusha kwa macho.

"Tutalia," akasema. "Lakini huyu binti haendi popote. Na umkatie bima kama ya mbwa wako."

Nilitamani ardhi inimeze.

Sir akatoa mkono, wakapeana. Tukarudi sebuleni, tukalia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Nyumba ile nilikaa mpaka mkataba ukaisha, na bima nilikatiwa, ya kunitibu na ya kunirudisha Muheza likitokea la kutokea. Madam hajajua mpaka leo.

Nilichojifunza? Kabla hujaita watu msibani, uliza marehemu ni nani. Na ukimkuta tajiri naye ameshikwa pabaya kama wewe, usimlilie bure.