Aliyetuapisha Mgomo

Jamani, leo nimekosa pa kujificha kwa aliyetuapisha!

Jana Athmani, kuli mwenzangu, alitushikisha msahafu: hakuna kuingia bandarini mpaka mishahara iongezwe.

Wafula, kuli mwenzetu wa bara, hakuapa. "Kwetu mgomo ni kusimama barabarani," alisema.

Nikamcheka, wallahi.

Leo tulisimama na Wafula barabarani Makadara; mawe yakarushwa, polisi wakatuvamia kwa virungu. Nikatoka mbio hadi Kibokoni, nyumbani kwa Athmani.

Hodi! Hodi!

Mkewe akanijibu nyuma ya mlango: "Niwie radhi, shemeji, siwezi kukufungulia. Mwenyewe hayupo, ameamkia kazini."

Kazini!

Na mkono ule ule ulioshika msahafu!

Wafula nimemwacha kule barabarani, akipigwa.

Hebu niambieni, nimrudie kwa uso gani?